Mzigo wa Pagazi Mahona

Jiko lilianza kunuka bahari kabla halijatiwa mkaa. Zuwena hakuwahi kuiona bahari. Alidhani ni samaki wa chumvi wa jirani. Baba yake, Twalibu, fundi majiko wa Isevya, alilitengeneza kwa bamba zito la chuma alilouziwa na mkulima wa Puge, aliyelifukua shambani.

Siku ya tatu shingo ya Twalibu ikainama. Ya saba, alitembea akitazama vidole vyake vya miguu.

"Fundi, umeangusha nini?" wateja walimtania.

Hakucheka. "Mwanangu, nitue mzigo," alimnong'oneza Zuwena, na kichwani pake hapakuwa na kitu.

Adhuhuri moja Zuwena akasikia nyayo nyingi uani, nyayo za watu waliochoka, zikiburuta vumbi katikati ya pumzi nzito, zikilizunguka jiko, zikamzunguka baba yake, mpaka magoti yake yakagonga chini na damu ikamtoka puani.

Bibi Mwanamkuu, mganga wa Cheyo aliyeitwa, alifukiza ubani chumbani. "Nani wewe, mgeni?"

Sauti iliyomtoka Twalibu haikuwa yake. "Mahona. Pagazi wa vita vya Wajerumani. Meli yao ilitobolewa kwa mizinga, ikajificha mtoni. Tulibeba vyuma vyake vikatengenezwe, tukavirudisha. Ikapona, ikatoroka, ikafika salama bandari ya mbali. Mimi nikabebeshwa bamba lake bovu, nikaambiwa nisitue mpaka nipokewe nyumbani. Nikafia njiani. Meli ilipokewa. Mimi bado."

Zuwena alilia. Mganga akaweka sakafuni ngata ya kitambaa, ile ya kuwekea mzigo kichwani. "Atautua hapa mwenyewe. Mtu asimguse wala kumpokea."

Twalibu akainua mikono kichwani, akiyumba kama mzee sana, jasho likimtiririka, akashusha polepole kitu kisichoonekana, na Zuwena, aliyelelewa akijua kwamba mtoto hamwachi mkubwa atue mzigo peke yake, akajikuta amepiga goti, mikono yote miwili mbele.

"Shikamoo, babu. Pole na safari. Lete nikupokee."

"Marahaba, mjukuu wangu." Sauti ilishusha pumzi ndefu, ikaondoka.

Bibi Mwanamkuu akafumba macho. "Ungemwacha, mwanangu."

Twalibu alisimama, shingo imenyooka. Alitazama mlango, dari, kisha akamgeukia binti yake.

"Zuwena, inua uso nikuone."

"Siwezi, baba," alisema taratibu, akitazama sakafu. "Ni mzito."