Nukta ya Rangi ya Kucha

Kipanga hakuwahi kulia. Hilo tulimalize kabisa kabla ya kuanza. Hata vitunguu vilishamkatia tamaa.

Basi jasusi wa namna hiyo ndiye aliyekuwa ndani ya Land Cruiser, bastola ya Glock kiunoni, redio ya upepo mkononi, gari likikimbia kama linalofukuzwa na nyuki.

"Kipanga, unanipata?" Sauti ya Mkuu.

"Nakupata."

"Kuku amegoma kutaga."

Kipanga aliuma meno. Kuku ilikuwa kompyuta waliyowanyang'anya jana wauza dawa bandia. Yai lilikuwa mahali walipoficha lori lao: shehena ya sindano za maji ya chumvi zenye lebo za dawa ya kisukari. Jioni hii zingeingia hospitalini. Mgonjwa angedungwa, angeshukuru, angeenda nyumbani kufa.

"Jana ilikuwa inawaka," alisema Mama Gia, dereva wake, mwanamke anayekata kona kama mtu anayekata kucha. "Niliizima na kuibeba mwenyewe mpaka karakana."

"Diski ihamishieni mashine nyingine," Kipanga aliiambia redio.

"Tumejaribu. Imefungwa na chipu ya ubao wake, kwingine haifunguki. Na mjomba wako kasema ubao umeungua. Hauponi."

Mjomba alikuwa fundi mkuu wa idara, kaka wa marehemu mama yake Kipanga. Ndiye aliyemlea. Alimfundisha kulehemu kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

"Mjomba akisema imekufa, imekufa," alisema Mama Gia.

"Mjomba huyo huyo alinikataza kuamini maiti ambayo sijaipima."

Karakana ilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Mjomba alikuwa mezani, anakoroga chai ambayo ilishapoa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kupima mapigo."

"Iache hiyo, mpwa wangu. Si kila kitu ni cha kufufua."

Kipanga akabonyeza kitufe. Feni ikashtuka, ikazunguka nusu, ikalala. Akabadilisha pawasaplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme. Vilevile. Akang'oa RAM, kadi ya picha, kila king'okacho. Vilevile.

Ugonjwa ulikuwa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wenyewe.

Alichukua mita ya Fluke ya kupimia umeme. Ncha moja kwenye njia ya volti kumi na mbili, nyingine kwenye hasi.

Piii.

Shoti. Umeme ulikuwa unaingia na kumwagika hapo hapo, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Lakini tundu lenyewe liko wapi, kwenye ubao wenye vipande vidogo kama punje za mchele?

Redio ikakoroma. "Kipanga, wanapakia."

"Nipe muda."

"Muda anao dereva wa lori. Muombe yeye."

Akaunganisha waya mbili, akaupa ubao volti moja tu, akamwagia spiriti. Ujanja wa karakana: penye shoti hupata joto, na penye joto spiriti hukauka kwanza.

Akainama. Ubao ulimeremeta kama paji la uso lenye homa.

Kisha kapasita moja, punje ya kutunzia umeme karibu na prosesa, ikakauka peke yake.

Akavuta kioo cha kukuzia. Na mkono wake, mkono uliowahi kutegua bomu huku mwenyewe akipiga miayo, ukasita.

Ubavuni mwa kapasita kulikuwa na nukta ya rangi ya kucha. Nyekundu.

Mafundi duniani ni wengi. Aliyetia nukta ya rangi ya kucha kila amalizapo kulehemu alikuwa mmoja. "Fundi asiye na alama," alikuwa akimwambia Kipanga mdogo, "hulaumiwa kwa kazi ya jirani." Chupa ya kwanza aliichukua kwa dada yake, mama yake Kipanga.

Mkono ukishazoea, umezoea. Hata unapopandikiza kapasita mbovu kwa siri ili uiue mashine, unatia alama.

Kipanga hakugeuka. "Mjomba. Hii umeiweka wewe."

Kijiko kikaacha kukoroga.

"Walinionyesha picha yako," Mjomba alisema. "Unatoka nyumbani kwako, unafunga mlango. Wakaniambia nichague, mashine au mpwa."

"Ungeniambia."

"Ungecheka, ukawafuata na hiyo bastola yako. Sikujui?"

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa siwajui. Wewe nimekuogesha."

Kipanga alishika chuma cha kulehemu. Aliipasha moto kapasita, akaing'oa kwa kibano. Akapima. Mita ikanyamaza. Kapasita za njia ile ni kundi; moja ikiondoka, wenzake hubeba.

Akabonyeza kitufe.

Feni ikazunguka. Haikusimama.

Neno la siri walishalipata jana kwa kumbana mmoja wa wauza dawa. Diski ikafunguka, na ramani ikatokea.

"Mkuu, kuku ametaga. Ghala la nyuma ya kiwanda cha magodoro."

"Vijana wako njiani. Nani alimroga kuku?"

Kipanga aliiweka ile kapasita mezani, kando ya chai ya Mjomba.

"Fundi wetu."

Lori lilikamatwa injini ikiunguruma. Haikutoka hata sindano moja. Mjomba alinyoosha mikono mwenyewe, na hata kwenye pingu alitoa somo.

"Usikaze hivyo, mpwa. Hata waya ukibanwa sana hukatika."

Kipanga akavaa miwani yake ya jua, akatoka karakana kwa mwendo wa paka aliyeshiba, bila kugeuka nyuma, bila...

"Hapo simama," alisema Mama Gia.

Nilikuwa nimemsomea hadithi hii mpaka hapo, yeye akiwa nyuma ya usukani, anamenya chungwa.

"Nisimame nini? Ndiyo mwisho."

"Miwani gani? Miwani uliikalia ukaivunja, na mimi nikiwepo. Na huyo paka simjui. Ninayemjua alikaa kwenye ngazi za karakana, kichwa kwenye magoti, mpaka nikampa kitambaa cha kufutia kioo cha gari, maana ndicho nilichokuwa nacho."

"Hii ni hadithi, Mama Gia."

"Hadithi ni yako. Kitambaa ni changu, na mpaka leo hujakirudisha."

Nikajipapasa mfukoni. Kilikuwemo.