Siku Baba Alipoitikia Jina la Kibe

Kila asubuhi nilikuwa na kazi mbili: kuchemsha chai na kumfunga Baba vifungo vya shati. Kazi ya pili ilianza mwezi wa Machi mwaka 2009, Baba alipoumia bega, naye hakuipenda hata kidogo.

"Mwanaume mzima navalishwa kama mtoto wa nasari," alinung'unika.

"Mtoto wa nasari hutulia kukushinda," nilimjibu.

Hapo alicheka, na mimi nikafurahi, kwa maana siku hizo kicheko kilikuwa adimu katika nyumba yetu ya Kangemi.

Baba yangu, Mbugua, alikuwa mchukuzi wa nyama katika kichinjio kimoja huko Dagoretti. Jumanne moja aliteleza kwenye sakafu yenye maji, na paja zima la ng'ombe likamwangukia. Daktari alisema mkono wake wa kulia hautabeba mzigo kwa miezi mingi, na pengine hautabeba tena. Mama aliuza mboga za sukuma wiki sokoni, lakini sukuma wiki haiwezi kulisha watu watano na kulipa kodi. Tumaini letu likabaki kwenye fidia, yale malipo anayopewa mfanyakazi aliyeumia kazini akashindwa kuendelea na kazi.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Kila alfajiri karani wa kichinjio huita majina langoni. Wachukuzi wana mtindo wao: mwenzako akipatwa na jambo, unaenda mahali pake, jina lake likiitwa unaitikia, "Niko!" Jumanne hiyo ilikuwa siku ya Baba kupumzika. Lakini rafiki yake, Kibe, alikuwa amempeleka mkewe, Waithera, kujifungua, kwa hiyo Baba akaenda kuitikia jina la Kibe. Daftari la karani likaonyesha kwamba Kibe alikuwa kazini na Mbugua alikuwa nyumbani. Mbugua huyo wa nyumbani ndiye aliyekimbizwa hospitali.

Karani alikataa kukubali kwamba Baba aliumia pale. Wachukuzi waliomwona akianguka walinyamaza, kwani aliyeitikia na aliyeitikiwa wote hufukuzwa. Baba naye alikataa kulitaja jina la Kibe.

"Kibe ana mtoto mchanga," alimwambia Mama. "Mimi nitasema niliumia, basi."

Jumapili baada ya kanisa tuliketi kujaza fomu ya madai. Baba hangeweza kushika kalamu, na miwani yake ilivunjika siku ile ile aliyoanguka, kwa hiyo mwandishi nikawa mimi. Alinitajia, nikaandika. Tulipofika kwenye siku ya ajali, alisema, "Jumanne."

Mimi nikaandika Jumatatu.

Nilijiona mwerevu kupindukia. Jumatatu Baba alikuwa kazini kwa jina lake mwenyewe. Mtu anaweza kuumia Jumatatu jioni na kwenda hospitali Jumanne, nani atajua? Baba atapata haki yake na Kibe atabaki na kazi yake. Baba akaweka kidole gumba chini ya fomu bila kuuliza lolote, akasema, "Asante, mwandishi wangu." Neno hilo lilinichoma, lakini nikaikunja fomu.

Ilikuwa likizo ya Aprili, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka mjini. Tulipoteremka kwenye basi tulipita katikati ya watu na wauza soksi, nikitembea upande wake wa kulia ili bega lisigongwe. Katika ofisi ya serikali ya mambo ya kazi tulipokewa na Bi. Kamene, mama mnene mwenye sauti ya upole. Alimletea Baba kiti yeye mwenyewe, kisha akaisoma fomu polepole, pamoja na barua za daktari na mwajiri tulizokuja nazo.

"Pole sana, mzee. Hebu niambie, hii ajali ilifanyika lini?"

"Jumanne asubuhi, madam."

Bi. Kamene aliinua uso. "Fomu inasema Jumatatu. Na barua ya mwajiri inasema Jumanne haukuwa kazini. Sasa mimi niamini gani?"

Baba alinitazama, akaitazama fomu asiyoweza kuisoma. "Labda... labda nimechanganya siku, madam," alisema. Kumbe alikuwa tayari kuonekana mwongo ili mimi nisiaibike! Bi. Kamene akaanza kulifunga faili. Nilisimama.

"Ni mimi niliandika uongo," nilisema. "Baba aliniambia Jumanne."

Basi nikaanza kulia, na katikati ya kilio nikayasema yote: lango, daftari, jina la Kibe, mtoto mchanga. Baba alifumba macho. Bi. Kamene alinipa karatasi ya kujipangusa, akangoja ninyamaze.

"Sikia, mtoto," alisema. "Sheria haiangalii tu jina gani liliitwa asubuhi. Inataka kujua kama mzee aliumia akifanya kazi ya mwajiri wake, na kama daktari amethibitisha hawezi kufanya kazi. Barua ya daktari ninayo. Lakini ningeipeleka hii fomu na siku ya uongo, dai lote lingekataliwa, hata ile sehemu ya ukweli." Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, leta fomu mpya, na shahidi aliyekuona. Huyo Kibe pia aje aseme mbona jina lake liko kwa daftari."

Njiani Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Sitamwomba Kibe apoteze kazi kwa sababu yangu." Hilo lilikuwa zito kuliko kugombezwa.

Jioni hiyo nilienda peke yangu nyumbani kwa Kibe. Nilimkuta amembeba mtoto, Waithera akichuja uji. Nilimweleza kila kitu, hata uongo wangu, nikamwambia hatumlazimishi.

Kibe alimpa mkewe mtoto. "Mbugua hakunitaja?" aliuliza. "Muda huu wote?"

"Hakukutaja."

Kisha akasema, "Yeye aliitikia jina langu nikiwa na shida. Mimi naogopa nini?"

Kesho yake alfajiri, karani alipofungua daftari langoni, Kibe alisema mbele ya wote kwamba Jumanne ile hakuwepo, na kwamba Mbugua ndiye aliyeanguka. Mchukuzi mmoja akasema, "Mimi nilimwona." Wa pili akasema, "Hata mimi." Mwishowe walikuwa saba. Mwenye kichinjio hakuweza kuwafukuza wote. Alimsimamisha Kibe kazi wiki mbili bila mshahara, akapiga marufuku kuitikiana, lakini akatia sahihi kwenye fomu ya Baba.

Mwezi wa Julai barua ilikuja kwamba dai limekubaliwa. Mama aliisoma mara tatu, kisha akapiga magoti pale pale jikoni kumshukuru Mungu. Jumamosi hiyo tulipika nyama na mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, tukawaita Kibe, Waithera na mtoto wao. Bi. Kamene tulimpigia simu kumshukuru, naye akacheka na kusema hiyo ni kazi yake tu.

Kabla ya kula, Baba alisimama. "Kibe, asante," alisema. Halafu akaniwekea mkono wake wa kushoto kichwani. "Nyawira, mimi na wewe tulikosa kitu kimoja. Mimi nilificha jina, wewe ukabadilisha siku, na sote tulidhani tunasaidia. Kumbe haki yetu ilikuwepo tangu ile Jumanne. Sisi ndio tuliokuwa tumeikalia."

Kisha akaketi, akashika kijiko kwa mkono wa kushoto, akamwomba Kibe atuombee chakula.