Vigingi Vyekundu vya Tutani

Asubuhi hiyo kisiwani kwetu palikuwa shwari. Bibi Nei Tiein alikuwa katika shimo lake la kilimo, maji matamu yakimfika magotini, akilisha mboji babai wake, yale magimbi makubwa. Aliyapanda wakati mjukuu wake Rotia alipoanza shule, yaje yaliwe harusini kwake. Kwetu harusi bila babai ni aibu ya ukoo mzima.

Baba yake Rotia, Bwauro, mwana wa Nei Tiein, alikuwa msimamizi wa kazi za baraza la kisiwa. Siku hiyohiyo alipeleka trekta kuchota kokoto za sakafu ya maneaba, ukumbi wetu wa mikutano. Walipofika kwenye tuta la pwani, dereva Kaitara akazima injini.

"Bosi, hivi vigingi vyekundu vya nani?"

"Vya watu wa Ardhi. Au Mazingira, sijui."

"Tukawaulize?"

"We Kaitara, tangu lini mtu akachungulia shimo la mwenzake? Ng'oa, pakia."

Kaitara akacheka. "Haya, mkubwa. Bahari ikiuliza, nitaileta kwako."

Ndugu zangu, desturi yetu mnaijua. Shimo la babai la mtu halichunguliwi, maana kila ukoo una siri ya mboji yake. Shimoni ni desturi njema. Bwauro aliipeleka kazini. Vigingi vilikuwa vya Mazingira, vikionyesha mahali tuta lilipokonda, na Mazingira nao hawakuwa wameliambia baraza. Ofisi hizo mbili zinatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Mmoja akikohoa, mwenzake anasikia.

Bamvua ikaja. Bahari ikapita palepale kokoto zilipochotwa, ikateremka hadi shimoni kwa Nei Tiein. Majani yakageuka manjano, yakalala. Magimbi yakaoza chini.

"Bahari imepita wapi, mwanangu?" mama akauliza.

"Mawimbi yalikuwa makubwa, mama."

"Afadhali wewe uko barazani. Utatuangalizia."

Tangu hapo Bwauro hakupita tena njia ya shimoni.

Rotia akaolewa kwa wali wa dukani. Wakwe walikula kimya, kwa adabu, na adabu ile iliuma kuliko matusi. Nei Tiein, ameketi sakafuni mwa maneaba, akapapasa kokoto nyeupe.

"Nzuri hizi. Zimetoka wapi?"

Kaitara akainamisha kichwa. Bwauro akaweka sahani chini.

"Tutani, mama. Palikuwa na vigingi. Mimi ndiye niliyesema ving'olewe."

Mkono wa mama ukasimama. Hakumtukana. Alichukua kokoto moja, akamwekea mwanawe kiganjani, akakifumba.

Kesho yake Bwauro aligonga mlango wa Mazingira, kokoto ikiwa mkononi. Walikaa pamoja mpaka jioni, wakiulizana habari za tuta. Lakini shimo lile lina chumvi hadi leo.

FUNZO

Siri ya mboji ni ya ukoo. Tuta ni letu sote. Enyi mliopewa kazi ya kulinda kisiwa, ulizaneni. Ukiona kigingi usichokijua, usiking'oe, mtafute aliyekichomeka. Nawe uliyekichomeka, usinyamaze. Bahari haiulizi ni ofisi gani iliyokosea.