Lori Lililopiga Mateke

Kila siku akitoka shule, Tindo alivua sare, akachukua ndoo na kwenda kujaza pipa la gereji. Pipa lile lilikuwa na kiu isiyoisha. Ndoo sita ziliingia, nalo likabaki linakodoa macho likitaka ya saba. Waya wa mshikio wa ndoo ulimkata viganja mpaka akawa anaandika hesabu kwa vidole viwili tu. Lakini hakulalamika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wa umbo na mgumu wa roho, na jina la Tindo, patasi ya kukatia chuma, hakupewa bure.

Gereji ilikuwa ya watu wawili. Baba Mdogo wake alikuwa fundi wa injini, na Mjomba wake, kaka wa mama, alikuwa fundi wa giaboksi. Waliitana shemeji, walikula sahani moja, na walitaniana kutwa nzima. Mmoja akikohoa, mwingine alimwambia abadilishe plagi.

Wiki hiyo walikuwa na lori la baba yake Tindo, dereva wa kusafirisha mbao. Lilikuwa lori la zamani hasa. Watu walisema lilipotoka kiwandani kunguru walikuwa bado weupe. Hata hivyo lilikuwa na gia za otomatiki, zile zinazojibadilisha zenyewe. Injini yake ilikuwa imekufa, na Baba Mdogo alikuwa akifunga nyingine, iliyotoka kwenye lori la gia za mkono.

Jumanne, Tindo alimkuta Baba Mdogo amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana. Sakafuni, karibu na gurudumu, palikuwa na mpira mweusi mwembamba, urefu wa shubiri mbili. Tindo akautazama mpira, akatazama viganja vyake.

"Baba Mdogo, naomba mpira!"

"Chukua! Ila usiuchezee karibu na vioo vya watu!" sauti ikajibu kutoka chini.

Tindo alishangaa kidogo. Mpira ule na vioo wapi na wapi? Lakini ruhusa ni ruhusa. Akaupasua kwa wembe kutoka mwanzo hadi mwisho, akauvisha kwenye waya wa ndoo. Siku hiyo alijaza pipa huku akiimba.

Alhamisi alasiri lori likawashwa. Baba akakaa kwenye usukani, injini mpya ikanguruma vizuri, Baba Mdogo akajipiga kifua. Baba akatia gia.

GDUM! Lori likaruka kama punda aliyechomwa mkuki. Likaipiga meza ya kazi, meza ikapasuka katikati, na jiriwa, kile kibanio cha chuma kilichofungwa juu yake, ikapaa, ikapita karibu na sikio la Mjomba na kutoboa bati la ukuta. Baba alijigonga paji la uso kwenye usukani, damu ikamchirizika hadi kwenye nyusi.

"Rudi nyuma, kalijaribu barabarani!" Baba Mdogo akapiga kelele.

Huko barabarani mambo yakawa mabaya zaidi. Lori liling'ang'ania gia ya kwanza, injini ikapiga mayowe mpaka mbwa wakakimbia, kisha likaingia gia ya pili kwa kishindo cha nyundo. Liliporudi, lango la nyuma lilikuwa limeng'oka na linaburuzwa.

Mjomba alichomoa kipimo cha mafuta ya giaboksi, akakifuta, akakichovya tena, akakitazama, akakinusa.

"Mafuta yamefika pale panapotakiwa. Mekundu, wala hayanuki kuungua," alisema. "Giaboksi hii ilikuwa nzima kabla hujaigusa, shemeji. Kosa liko kwenye ufungaji wako."

"Ufungaji wangu? Hilo giaboksi lako ni kaburi! Hata minyoo imelihama!"

"Rudia!"

"Kaburi!"

Ngumi ya kwanza ilimpata Baba Mdogo shavuni. Ya pili ilimpata Mjomba puani, akakaa juu ya betri, akainuka haraka kuliko alivyokaa. Makopo yakaanguka, misumari ikatapakaa. Leo haukuwa utani.

"Na ule mpira mwembamba wa upepo?" Mjomba alifoka, pua ikitoka damu. "Ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye giaboksi! Uliufunga wapi?"

"Nimeufunga! Kwa mikono yangu hii!"

Tindo, aliyekuwa amejibanza kando ya pipa, akaitazama ndoo yake. Sasa alijua. Lakini akitamka, hasira zote zile zingemgeukia yeye. Akafumba mdomo.

Mjomba akapigwa kifuani. Baba Mdogo akapigwa jicho, likaanza kuvimba pale pale. Baba akajitupa katikati kuwatenganisha, na ngumi nyingine, isiyo na mwenyewe, ikamtua mdomoni. Akatema jino.

Baba Mdogo akainua spana kubwa ya magurudumu. "Niite mwongo tena, shemeji! Mara moja tu!"

"Mpira huu hapa!"

Tindo alikuwa amesimama mbele ya spana, ndoo ameinyanyua juu kwa mikono miwili.

"Mwizi!" Baba Mdogo akanguruma, spana bado iko juu.

"Sikuiba! Niliomba Jumanne ukiwa chini ya lori! Ukasema chukua, ila nisiuchezee karibu na vioo!"

Baba Mdogo akautazama mpira ule kwenye ndoo. "Nilidhani... nilidhani unataka mpira wa kuchezea."

"Kwa hiyo," Mjomba akasema polepole, akijifuta pua, "ulifunga kwa mikono yako mpira uliokuwa kwenye ndoo?"

Spana ikashuka. Baba Mdogo akakaa sakafuni kama gunia. "Sikuufunga. Sikukumbuka hata kuutafuta. Nimesema uongo kwa sababu ya kiburi tu."

Mjomba alikata mpira mpya. Kwenye injini alikuta kijibomba kimezibwa kwa kifuniko cha plastiki, kwani kule ilikotoka hapakuwa na giaboksi ya otomatiki ya kuungwa nayo. Ndiyo maana injini haikuonyesha kasoro yoyote. Akamwita Tindo aone.

"Giaboksi haina macho, mpwa wangu. Kwa mpira huu inahisi jinsi injini inavyovuta pumzi, ndipo inajua dereva amekanyaga kiasi gani. Ukikosekana, inadhani kila saa lori linapanda mlima na mzigo. Inabadilisha kwa kuchelewa, tena kwa nguvu zote."

Akaunga ncha zote mbili. Baba akatia gia. Safari hii lori lilisogea taratibu, likatoka hadi barabarani, likaingia gia ya pili na ya tatu bila kumwamsha hata nzi.

Baba aliporudi alizima injini, akashuka, akamketisha Tindo kwenye ngazi ya lori. Mdomo wake ulikuwa umevimba na maneno yalitoka yakichechemea.

"Mwanangu, kuomba uliomba. Ila ungesema ni mpira gani, na wa kazi gani, tusingefika hapa. Ulijua saa ngapi kwamba kosa ni mpira?"

"Mjomba alipoutaja."

"Baada ya hapo zilipigwa ngumi ngapi?"

Tindo akahesabu kwa vidole. "Tatu."

"Zile za mwanzo ni zetu sisi watu wazima, tuliogombana kabla ya kuchunguza. Na uongo wa baba yako mdogo ni wake, atautafuna mwenyewe. Hizo tatu je, ni za nani?"

Tindo akatazama pengo lililokuwa mdomoni mwa baba yake, machozi yakamlengalenga.

"Ni zangu, Baba."

"Ndiyo. Ukweli uliusema, tena mbele ya spana, na wengi wa umri wangu wasingethubutu. Lakini ukweli una saa yake. Ukiuchelewesha utafika tu, ila utakuta watu wameshaumia."