Duveti Nyepesi ya Wangui

Mutahi alikuwa fundi wa nguo katika mji wa Naro Moru. Kila asubuhi alifungua duka lake dogo, akapangusa cherehani, akaanza kushona. Alishona sare za shule, mashati ya kwaya na suruali za wazee. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini.

Mke wake alikuwa amefariki zamani. Alibaki na binti mmoja, Wangui. Mutahi alimpa mtoto huyo jina la mama yake mzazi, kama ilivyo desturi ya Wagikuyu. Kwa hivyo hakumwita Wangui. Alimwita Maitu, yaani mama yangu.

Wangui alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa pota. Aliwabebea wageni mizigo walipopanda Mlima Kenya. Aliipenda sana kazi hiyo. Alitaka siku moja awe kiongozi wa wapanda mlima, atembee mbele na kuwaonyesha wengine njia.

Shida yake ilikuwa baridi. Kule juu, maji huganda ndani ya chupa. Wangui alikuwa na blanketi moja ya sufu, yenye uzito wa kilo tatu. Mzigo wa mgeni mgongoni, na juu yake blanketi! Mara nyingine aliiacha nyumbani ili apunguze uzito. Basi alilala amevaa nguo zote alizokuwa nazo, akitetemeka mpaka kukucha.

Siku moja aliporudi kutoka mlimani, baba yake alimtazama akinywa chai.

"Maitu, mbona unakohoa hivyo?"

"Ni vumbi tu, Baba."

"Vumbi gani, na mvua imenyesha wiki nzima?"

Wangui akacheka, akakohoa tena. Kisha akasema ukweli. "Ni baridi. Wageni wako na duveti nyepesi kama mkate. Wanaikunja inaingia kwa mfuko mdogo. Mimi niko na blanketi ya kilo tatu."

"Hizo duveti ndani kuna nini?"

"Manyoya ya bata."

"Manyoya tu?" Mutahi akaweka kikombe chini. "Hiyo mimi naweza kushona."

Alienda sokoni kwenye mitumba, akanunua jaketi mbili kuukuu, zile zilizofura. Alizipasua akatoa manyoya. Alichukua kitambaa cha pamba kilichobaki kwenye mashati ya kwaya, akashona mfuko mkubwa, akatia manyoya ndani, akaufunga. Kazi hiyo ilimchukua siku nne. Muda wote alikuwa akiimba.

Wangui alipanda mlima na duveti hiyo. Alirudi baada ya siku tano.

"Ilikuwa na joto sana, Baba. Asante."

Mutahi alifurahi mno. Aliwasimulia wateja. Alimsimulia hata muuza mboga aliyekuwa akipita tu.

Kesho yake akaitoa duveti kuianika. Alipoitundika kwenye kamba, alishtuka. Manyoya yote yalikuwa yamekimbilia upande mmoja, yamekaa donge kama ugali. Kwingine kote hakukuwa na kitu. Jua lilipita katikati ya kitambaa. Na sweta ya Wangui, aliyolala nayo mlimani, ilikuwa imejaa manyoya yaliyotoroka.

"Maitu, kuja hapa."

Wangui akaja. Aliona duveti kwenye kamba, akainamisha kichwa.

"Ulilala vipi kule juu?"

"Miguu ilikuwa na joto."

"Na kifua?"

Wangui akakohoa.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Uliishona siku nne, Baba. Ulikuwa unaimba. Sasa ningekuambia nini?"

Mutahi alikaa kwenye kiti. Akasema polepole.

"Nakuachia safari moja tu. Ukirudi unakohoa, utaacha mlima. Utakaa hapa na mimi, ushone vifungo. Sitaki kuletewa habari mbaya."

Machozi yalimlengalenga Wangui. Alimpenda baba yake, lakini hakuwa mtu wa kukaa kitini. Aliingia ndani.

Mtaa wa pili aliishi mama mmoja aitwaye Ngendo. Kwa miaka mingi alirekebisha hema na mifuko ya kulalia ya kampuni za wapanda mlima. Mutahi alikuwa akimwona kama fundi wa viraka tu. Siku hiyo alimeza kiburi chake. Aliitia duveti kwenye gunia, akaenda kwake.

Ngendo aliishika duveti, akaigeuza huku na huku.

"Baba Wangui, mshono wako ni safi," alisema. "Lakini hii si duveti. Hii umeshona mto mkubwa."

"Najua. Nifundishe."

Ngendo alimtazama kwa mshangao. Kisha akavuta kiti, akamkaribisha.

"Kwanza uelewe hivi. Manyoya hayana moto. Joto ni la mwili wako. Manyoya yakifura yanashika hewa, na hiyo hewa inazuia joto lisitoroke. Yakibanwa, hewa inatoka na joto linaenda."

"Kwa hivyo nikiyashindilia mengi..."

"Unaharibu. Tena ukiyalalia unayabana. Ndiyo maana tunashona duveti ya kufunika juu tu. Chini yako unatandika mkeka wa sponji. Manyoya ya chini ni mzigo wa bure."

Mutahi akatikisa kichwa. "Na kwa nini yalitoroka?"

"Kitambaa chako cha pamba ni kizito na kina matundu. Unataka nailoni nyepesi iliyofumwa kwa kubana. Ukiwa dukani, weka mdomo kwenye kitambaa na upulize. Pumzi ikipita kwa urahisi, manyoya nayo yatapita. Kiache."

"Na kukimbilia upande mmoja?"

Ngendo alitoa kipande cha neti ya mbu, akakikata utepe wenye upana wa inchi mbili.

"Huu ni ukuta. Unashona ukingo mmoja kwenye kitambaa cha chini, na ukingo mwingine kwenye kitambaa cha juu. Ukuta baada ya ukuta. Inakuwa kama nyumba yenye vyumba, na kila chumba kina manyoya yake. Hayatembei."

"Si ningeshona tu vitambaa viwili pamoja, mstari kwa mstari? Ni rahisi zaidi."

"Ungeshona, na ungekuwa haraka. Lakini penye mshono hapangekuwa na manyoya. Baridi ya mlima inajua kutafuta mshono, Baba Wangui."

Mutahi alicheka. Alikuwa amekuja na aibu, na sasa alikuwa na hamu ya kuanza.

Alienda Nanyuki kutafuta nailoni. Alipuliza vitambaa vingi hata muuzaji akamuuliza kama anaumwa na meno. Sokoni alichagua jaketi tatu zilizopasuka. Kama Ngendo alivyomfundisha, alibonyeza kila jaketi kwa vidole kwanza. Zilizokuwa na vijiti vingi vya manyoya magumu ndani aliziacha. Alitaka yale manyoya laini ya kifuani mwa bata, yasiyo na kijiti.

Wangui alimkuta akikata kitambaa.

"Baba, unashona nini tena?"

"Lala hapo chini nikupime. Jifunike kitambaa hiki mpaka kidevuni. Usivute miguu."

Alitumia sindano nyembamba na uzi wa polista, kwa sababu sindano nene huacha tundu. Alishona kuta saba za neti. Kisha Ngendo akaja kusaidia, wakaingia chumbani wote watatu, wakafunga dirisha na mlango, kwa kuwa upepo kidogo tu ungepeperusha kila kitu. Ngendo alipima manyoya kwa mizani ya jikoni ili kila chumba kipate kiasi sawa. Wangui alishika mdomo wa kila chumba, Mutahi akatia, kisha akafunga kwa pini ukingoni kabisa ili aje ashone.

Hata hivyo manyoya yaliruka. Mutahi alipopiga chafya, chumba kizima kikawa cheupe. Wangui alimtazama baba yake, nyusi nyeupe, ndevu nyeupe, akaketi sakafuni kwa kicheko. Ilikuwa siku nyingi tangu wacheke hivyo katika nyumba ile.

Mwishoni Mutahi alishona upande wa miguu ukawa kama kifuko, ili miguu isitoke nje. Shingoni alitia kamba ya kuvuta. Kiunoni alitia mikanda miwili ya kupita chini ya mkeka, ili upepo usiingie pembeni. Duveti yote ilikuwa na uzito usiofika kilo moja.

"Sikiza, msichana," Ngendo alimwambia Wangui. "Usiache inyeshewe. Manyoya yakilowa yanashikana na hayana joto tena. Mlimani ifunge kwenye mfuko wa plastiki. Nyumbani usiikunje. Itundike ipumue."

Wangui aliondoka Jumatatu kwa safari ya siku sita. Siku hizo Mutahi hakuimba. Alishona mkono wa shati ndani nje, akafumua, akaukosea tena. Kila asubuhi alitazama mlima. Siku mbili ulifunikwa na mawingu, na siku ya tatu ulionekana mweupe kwa theluji.

Jumamosi alasiri Wangui aliingia dukani na matope magotini. Mutahi alisimama. Alimsikiliza kwanza jinsi anavyopumua. Hakukohoa.

"Sema ukweli, Maitu. Usinihurumie."

"Baba, nimeaibika sana."

Mutahi akamsogelea. "Kumefanyika nini?"

"Siku ya tatu sikuamka. Kila mtu alikuwa amekunywa uji, hema zimekunjwa, wageni wananingoja. Mpishi aliniita, sikusikia. Ikabidi anivute mguu." Wangui alitabasamu. "Miaka miwili nimepanda ule mlima, Baba. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimelala."

Mutahi alichukua kitambaa kilichokuwa karibu, akajipangusa macho. Kilikuwa kola ya shati la mteja.

"Basi kaa chini unywe chai," alisema mwishowe. "Halafu uniambie safari nyingine ni lini."