Chaneli ya Tisa

Kihara alikuwa amechomeka maikrofoni nane, na nane ndizo alizokuwa ameziandika kwa tepu nyeupe kwenye mikisa yake, ile meza ya vifungo ambayo fundi wa sauti hukaa mbele yake siku nzima. Kwa hivyo alipoona taa ya chaneli ya tisa ikiwaka, alidhani ni jua. Akaikinga kwa kiganja. Taa ikaendelea. Ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

Akapapasa nyuma ya mikisa. Tundu la tisa lilikuwa wazi, halina waya.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye uwanja mmoja wa Lanet, nje kidogo ya Nakuru, na tamasha la nyimbo za injili lilikuwa lianze saa saba. Kwaya zilikuwa bado njiani. Uwanjani walikuwa mafundi tu, wanawake wa jikoni, na vumbi ambalo upepo ulilileta kutoka upande wa mlima Menengai na kulimwaga juu ya kila kitu.

"Hafiz, stima yako inavuja," Kihara alimwambia mwenye jenereta.

"Stima yangu haivujangi. Labda ni dhambi zako."

Hafiz alikuwa mtu wa mjini Nakuru. Babu yake alikuja na reli kutoka Mombasa akasahau kurudi. Miaka sita sasa alikuwa akiwasha jenereta kwenye matamasha ya Wakristo, na kila mwaka mtu alimuuliza ataokoka lini, naye kila mwaka alijibu kwamba akiokoka hakutakuwa na wa kuwawashia stima. Alicheka, akaenda kuongeza dizeli.

Ndipo harufu ikaja. Si ya dizeli, wala ya mandazi ya jikoni. Ilikuwa harufu ya waridi zilizokatwa, na ile dawa kali wanayozinyunyizia, na nyuma yake ubaridi, katika jua lile, ubaridi wa kuingia kwa mikono ya shati. Kihara aliijua harufu hiyo. Akakaa chini.

Hapa lazima kosa lake lisemwe bila kulipaka sukari, maana mimi mwenyewe nimewahi kuficha yangu na najua yanavyooza.

Kulikuwa na dada mmoja akiitwa Nabalayo. Alifunga maua kwenye shamba moja la Naivasha, katika chumba cha baridi, na kila Jumamosi alitoka kazini moja kwa moja hadi mazoezi ya kwaya, na harufu ya waridi kwa sweta. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa mbele. Sauti yake ilikuwa nene na yenye upole, watu walinyamaza kabla hajafika neno la pili. Kihara alimrekodi akiimba peke yake, nyimbo nne. Miezi miwili baadaye kifua kilimshika, na wiki tatu hazikuisha wakamzika.

Nafasi yake alipewa Natalie, binti ya Kihara, wa miaka kumi na tisa. Sauti ya Natalie ilikuwa safi lakini nyembamba, sauti ya kuimbia jikoni. Na Kihara alimpenda kupita kiasi. Akachukua sauti ya marehemu, akaitandika chini ya sauti ya binti yake, kama godoro chini ya shuka. Siku ya kwanza kanisa zima lililia. Mchungaji akasema huo ni upako. Natalie alilia pia, akidhani ni yeye. Miaka miwili ikapita hivyo, na leo alikuwa anakuja mtu wa studio kutoka Nairobi kumsikiliza, na kama angependezwa, angemchukua.

Lakini kosa lenyewe si hilo. Kosa lenyewe ni kwamba mamake Nabalayo, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga pasi majoho ya kwaya, alimwendea Kihara mara tatu kumwomba sauti ya mtoto wake. Hakuwa na kitu kingine, hata picha nzuri. Kihara aliogopa kwamba akimpa, ataicheza, na watu wataitambua. Mara zote tatu alimwambia kompyuta iliungua. Mara ya tatu hata alisema hayo kwa maikrofoni, mbele ya kwaya yote, ili yaishe.

"Sawa, mwanangu," mama alisema. "Mungu atanikumbusha."

Natalie alikuja nyuma ya jukwaa saa tano. Alisimama mbele ya babake bila salamu, akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. Midomo yake ikasogea, ikafungika. Kihara alisubiri. Kisha, mdomo ukiwa umefumbwa, maneno yakamtoka.

"Baba, sauti yangu inachelewa."

"Tangu lini?"

Midomo ikasogea tena, kimya. Alitazama chini kama mtu anayesubiri chenji.

"Tangu tuanze mazoezi ya hii wimbo. Ilikuwa kidogo tu. Leo asubuhi nilimuaga mum, nikafika kwa geti ndio nikasikia nikiaga."

Kihara alitaka kusema ni uchovu. Alikuwa na neno hilo tayari. Lakini Natalie alifungua mdomo kujaribu kuimba, shingo ikakaza, mishipa ikatokeza, na hapakutoka kitu, hata pumzi. Badala yake spika kubwa za jukwaani, umbali wa hatua arobaini, zikaanza wimbo, na sauti zilikuwa mbili kama alivyozipanga yeye mwenyewe, ila sasa ya Nabalayo ndiyo iliyokuwa juu, na ya Natalie ilikuwa chini yake, imelaliwa.

Kihara akakimbia hadi kwenye mikisa. Akachomoa kwenye kompyuta ile flashi yenye sauti ya Nabalayo, wimbo ukaendelea, akafunga kompyuta, akashusha vifungo vyote vya mikisa hadi sifuri, wimbo ukaendelea, akamwonyesha Hafiz kwa mikono azime, azime, na Hafiz akazima jenereta, na katika ule ukimya wa ghafla ambao hufuata jenereta ikizimwa, mafundi wote wakiwa wamesimama na waya mikononi na wanawake wa jikoni wametoka na miiko, spika zisizo na stima ziliimba ubeti wa pili polepole, zikivuta pumzi kati ya mistari, na taa ya chaneli ya tisa ilipanda na kushuka pamoja na pumzi hizo.

Mchungaji Kiptum, aliyesimamia tamasha, alikuja na Biblia. Alikuwa mtu wa imani kweli, sitamdharau. Akainua mkono akaanza kuomba. Neno lake la kwanza lilipotoka, spika zilikuwa zimeshalisema. Akaongeza mwendo, zikamtangulia. Akabadilisha akaomba kwa Kikalenjin, na sauti ya Nabalayo, ambaye maishani hakujua hata salamu ya Kikalenjin, ilikuwa imeshafika huko ikimngoja, ikimaliza kila sentensi kabla hajaifikiria, kwa upole uleule wa kuimba, mpaka mchungaji akashusha mkono, akakaa juu ya sanduku la spika, jasho likimdondoka kwenye kurasa.

Mamake Nabalayo akatoka kwenye hema la majoho. Alikuwa na pasi ya makaa mkononi, bado inafuka moshi.

"Hiyo ni sauti ya mtoto wangu," alisema.

Wimbo ukakatika. Spika zikanyamaza, kisha zikasema, karibu sana, kama mtu aliye nyuma ya pazia, "Mama."

Pasi ikaanguka. Mama akaanza kutembea kuelekea jukwaani.

"Mama, njoo."

Natalie alikuwa amepiga magoti, mikono kooni. Midomo yake ilikuwa inaita baba, baba, na hapakuwa tena na sauti ya kuifuata.

Hafiz, ambaye miaka miwili alimwona akichomeka flashi hiyo kila Natalie akiimba, alimshika Kihara bega, akamnong'oneza sikioni. "Hiyo si marehemu. Marehemu yuko kwa Mola wake, hana haja na spika. Hilo ni jini. Hiyo sauti uliitundika kama nguo miaka miwili bila mwenyewe, likapita, likaiona, likavaa. Sasa linataka ya pili. Umeiba kwa nani?"

Kihara akaonyesha kwa kidevu yule mama anayetembea.

"Basi mrudishie. Na useme pale ulipodanganyia."

"Nilidanganya kwa maiki."

"Sema kwa maiki."

Kihara alishika maikrofoni ya akiba iliyokuwa karibu. Mashimo manane yalikuwa yamejaa. Lililokuwa wazi ni moja. Akakosa tundu mara mbili. Alipochomeka, stima ikiwa imezimwa, sauti yake ilitoka kila upande wa uwanja.

Alisema yote. Alisema kompyuta haikuungua. Alisema upako ambao watu waliulilia ulikuwa ni mtoto wa huyu mama, amefukiwa chini ya mtoto wake yeye. Alimwambia Natalie, mbele ya watu, kwamba sauti yake ni nyembamba na kwamba yeye babake aliionea haya. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Natalie alimtazama, na Kihara akajua angalau anasikia. Kisha, kwa sababu mtoto alikuwa anaanza kuwa na rangi ya majivu, akaongeza neno ambalo hakuna aliyemwomba.

"Kama ni sauti unataka, chukua yangu. Mtoto mwache."

Hafiz aling'oa waya. "Hilo hukufaa kusema," alisema, na uso wake haukuwa na mzaha.

Kihara alikuwa ameshamkimbilia mama na kumtia flashi kiganjani. Mama aliifunga ngumi. Alikuwa amefika mbele ya spika kubwa, karibu aiguse, na ubaridi pale ulifanya pumzi yake ionekane.

"Mama," spika ilisema. "Nimekuja."

Yule mama alisimama. Wote waliona jinsi alivyotaka kuamini, mwili wote ulikuwa unaegemea kule. Kisha akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa, akasema kwa sauti ileile anayowakemea nayo wasichana wa kwaya wanapogombania majoho.

"Mtoto wangu hakuniita Mama hata siku moja. Tangu ajue kuongea aliniita Mayi. Wewe sikujui. Hiyo nguo si yako. Vua, uniachie."

Spika ilivuta pumzi, ndefu, ikaizuia. Mama hakuondoka.

"Vua," alisema.

Pumzi ikaachiliwa. Taa ya tisa ikashuka, ikakaa chini. Harufu ya waridi ikapita kati ya watu kama mtu anayetafuta mlango, ikaisha, ikabaki ya mandazi yaliyoungua. Natalie akakohoa. "Baba," alisema, na neno lilitoka wakati uleule wa midomo.

Tamasha lilianza saa nane na nusu. Natalie aliomba aimbe. Kihara hakuweka chochote chini yake. Aliimba kwa sauti yake nyembamba, ikakwaruza kwenye ubeti wa pili, akaisukuma mbele hivyo hivyo mpaka mwisho. Watu walipiga makofi ya heshima. Mtu wa Nairobi aliandika kitu kifupi, akafunga kitabu, akaenda kutafuta soda. Nyuma, katika hema la majoho, mamake Nabalayo alikuwa amevaa spika za masikio za Kihara, macho yamefumbwa, akipiga pasi joho lilelile moja kwa saa nzima.

Jioni walikunja waya. Kihara alimwambia Hafiz asante. Hafiz aliendelea kumtazama usoni, kama mtu anayengoja, kisha akashtuka kidogo.

"Kihara," alisema taratibu, "mdomo wako umetangulia."

Hawakumwambia mtu. Natalie sasa anaimba na wale wa nyuma, na nyumbani anaimba akipika, na Kihara hukaa sebuleni akimsikiliza na kumshukuru Mungu, kimya, ili kuchelewa kwa sauti yake kusijulikane. Ameacha mikisa. Kanisani watu husema amekuwa mzito siku hizi, maana mchungaji akimaliza maombi, amina ya Kihara hufika ya mwisho, peke yake, watu wakiwa wameshaketi. Watoto huicheka. Alishaizoea.

Ila Jumapili iliyopita, mchungaji akiwa katikati ya maombi, macho ya wote yamefumbwa, amina ya Kihara ilisikika kutoka kwenye spika ya ukutani, kwa upole, ikivuta pumzi mwishoni. Kihara alikuwa bado hajafungua mdomo.