Nani Atampima Fundi?

Kushona nguo wengi wanajua. Lakini kushona tundu la kifungo kwa mkono, likakaa sawa kama jicho la ndege, ni kazi ya wachache. Mwanamke huyu alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana watu walimwita Mama Vifungo.

Zamani alifanya kazi na shoga yake katika chumba kimoja kando ya barabara. Walikuwa na cherehani mbili, meza moja ya kukatia, na redio isiyonyamaza. Shoga alikata, Mama Vifungo alimalizia. Walitaniana tangu kufungua hadi kufunga.

Sasa alishona peke yake. Cherehani ilikuwa chumbani mwake, kati ya kitanda na dirisha. Mvua ilinyesha na majirani walivaa masweta, lakini yeye alifungua dirisha na bado jasho lilimtoka. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa kitako.

Mambo yalianzia mkononi, wakati bado wanashona pamoja. Siku moja uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Siku nyingine mkasi ulimponyoka, ukatoboa kola ya mteja.

"Leo umekunywa nini, mwenzangu?" Shoga aliuliza akicheka.

Ulikuwa utani wa kila siku. Lakini siku hiyo Mama Vifungo aliwaka kama karatasi kavu. Alitoa maneno mazito, na kabla hayajamalizika alitamani kuyameza. Jioni aliita mkokoteni, akahamisha cherehani yake. Shoga alisimama mlangoni, akautazama mkokoteni ukiondoka.

Huu ulikuwa mwezi wa nne tangu ahame. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Kila jioni alipiga simu kutoka njiani.

"Umekula?"

"Nimekula mara nne leo."

"Umelala?"

"Sijalala."

"Punguza mawazo, mke wangu. Mawazo yatakumaliza."

"Mawazo gani, baba? Mimi siwazi kitu. Mwili ndio unaowaza!"

Simu ilipokatika, chumba kilikuwa kimya kuliko kabla ya simu.

Lilikuwapo jambo ambalo hakumwambia hata mumewe. Mama yake mkubwa aliwahi kuugua akili. Ndugu walimfungia chumbani, wakaacha kumtembelea. Mama Vifungo alipoona hofu inamjia bila sababu, alijiambia, "Zamu yangu imefika." Kwa kuogopa kufungiwa, alijifungia mwenyewe.

Na kosa jingine lilikuwa la ufundi wake. Mtu mwingine angekonda, nguo zingemning'inia, na watu wangeuliza. Yeye kila gauni lilipolegea, alilibana. Kola ilipomkaba, aliifumua akaishona iwe pana. Kila nguo ilimkaa vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Asubuhi moja mtu alibisha hodi. Alikuwa mpimaji wa damu wa zahanati ya jirani, mama mnene mwenye maneno mengi.

"Fundi, nataka koti jeupe. Nililo nalo halifungi tena mbele. Usicheke!"

"Sicheki, mama. Nyoosha mikono."

Mama Vifungo alimzungushia futi la kupimia kiunoni. Futi lilitetemeka. Mteja akatazama chini.

"Mkono wako una moto, dada. Na mvua yote hii?"

"Nina haraka tu."

"Haraka ya kwenda wapi, na tuko wawili humu ndani? Hebu nyoosha na wewe mikono. Vidole vitanue."

Alichukua karatasi ya kukatia, akailaza juu ya vidole vya fundi. Karatasi ilitikisika kama jani. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake dakika nzima.

"Mapigo mia moja na ishirini na sita. Na umesimama tu! Unalala?"

"Kidogo sana."

"Unakula?"

"Kama mchimba kisima."

"Na unakonda?"

Mama Vifungo akavuta daftari la vipimo, akalifungua. Mama yule akacheka polepole.

"Mimi napima damu, wewe unapima viuno. Wewe nani anakupima?"

Katika ukurasa wa kwanza vilikuwapo vipimo vyake mwenyewe. Shoga ndiye aliyeviandika, siku walipojishonea sare za kufungulia duka. *Kiuno 32. Shingo 13.* Alipouona mwandiko ule wa kulalia upande, alipitisha kidole juu yake.

Mteja alichukua futi. "Kiuno ishirini na nane. Shingo..." Akarudia kupima. "Shingo kumi na nne. Dada, umeshawahi kuona mtu anakonda kiuno, ananenepa shingo?"

Hapo Mama Vifungo alilia. "Mama, mimi naingia wazimu. Usimwambie mtu."

"Kaa. Nisikilize. Hapa mbele ya shingo kila mtu ana tezi ndogo. Inatoa kitu kinachouambia mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Kama kanyagio la cherehani yako. Mguu usipoacha kukanyaga, sindano itafanya nini?"

"Itakwenda mbio. Itakata uzi."

"Basi. Tezi ikizidisha kazi, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, chakula kinaungua upesi mwilini, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia. Mtu anakuwa na hasira na hofu, wala hajui anaogopa nini."

"Kwa hiyo hofu hii si yangu?"

"Ni yako, maana wewe ndiye unayeihisi. Lakini huenda inatoka shingoni. Sisemi kila mwenye wasiwasi ana ugonjwa wa tezi, hapana. Na mimi si daktari. Damu ndiyo itakayosema. Kesho saa mbili asubuhi, njoo zahanati. Usiponiona mlangoni, niite kwa sauti."

Usiku huo alimweleza mumewe yote, hata habari ya mama yake mkubwa. "Mimi nilikuambia upunguze mawazo," mume alisema. "Nisamehe. Kesho nenda, nami nitakupigia mchana."

Damu ilisema. Tezi ilikuwa imezidisha kazi. Daktari alimpa vidonge vya kuituliza tezi, na vingine vya kupunguza mbio za moyo.

"Moyo utatulia mapema," daktari alisema. "Tezi inataka wiki kadhaa. Ukipata nafuu, usiache dawa bila kuniuliza. Ukishikwa na homa au koo likikuuma, siku hiyohiyo njoo upimwe damu, usingoje kesho; kwa wachache dawa hii hupunguza kinga ya mwili. Ukihisi una mimba, sema mapema. Na wasiwasi ukibaki baada ya damu kutulia, uje pia. Nao una tiba yake."

Wiki mbili za kwanza alikaribia kukata tamaa. Wiki ya tano alilala hadi jua likamkuta kitandani. Wiki ya tisa alifumua gauni lake la buluu, akalipanua kiunoni.

Lakini chumba kilikuwa bado kimya. Kwa ukimya huo daktari hakuwa na kidonge.

Basi asubuhi moja alichukua daftari, akaenda kwenye kile chumba cha kando ya barabara. Redio ilisikika kabla hajafika. Alisimama mlangoni, palepale Shoga aliposimama siku ile. Mahali pa cherehani yake palikuwa patupu. Hapakuwekwa kitu, hata kiti.

"Shoga," alisema, "nilikuwa mgonjwa. Maneno yangu yalikuwa mabaya. Nimekuja unipime."

Shoga alizima redio. Alivua futi shingoni, akamzungushia mwenzake. "Kiuno thelathini na moja. Shingo kumi na tatu na nusu." Akaandika chini ya mstari wake wa zamani, kwa mwandiko uleule wa kulalia upande. Kisha akampa sindano na uzi.

Mara ya kwanza uzi ulipita pembeni. Mara ya pili ukaingia.

"Ya kwanza sikuiona," Shoga alisema. Akamtazama kwa jicho la pembeni, kama zamani. "Leo umekunywa nini, mwenzangu?"

"Vidonge vyangu," Mama Vifungo alijibu. "Na nitakunywa tena kesho."

Shoga alicheka hadi akashika meza. Kisha akatoka nje kumwita mtu wa mkokoteni.